Droo ya Dobi Yapanda Wodini

Saa moja na robo asubuhi, na dobi wa hospitali hata maji hajagusa. Analizunguka furushi la mashuka machafu, analibonyeza kwa kijiti huku na huku, kama mtu anayetafuta nyoka.

"Hili halina utepe," anasema. "Basi ni la upasuaji. Wamebaki wao tu, vichwa ngumu wangu."

Utepe wa nini tena? Subiri kidogo, tutafika.

Mama huyu amefua hapa miaka ishirini na mbili. Mwaka jana peke yake, sindano zilizosahaulika ndani ya mashuka zilimchoma yeye na wenzake mara saba. Ukichomwa ni vipimo, ni vidonge mwezi mzima, na usingizi hauji.

"Mume wangu akasema niache kazi. Nikamwambia, baba watoto, nikiacha si atachomwa mwingine?"

Ndipo akapata wazo. Wodi ziko tano. Kila moja ifunge mafurushi kwa utepe wa rangi yake, sindano ikionekana ijulikane imetoka wapi. Akashona tepe kwa mashuka chakavu, akazitia rangi, akampelekea mkurugenzi moja kwa moja, bila kuwaambia manesi kwanza. Hapo ndipo alipoharibu.

Manesi walisikia kabla chai haijapoa. "Huyo anapita, askari wetu! Mama Utepe!" Mkurugenzi naye akasema wakubaliane kwanza wenyewe.

"Nilinuna wiki nzima," anacheka. "Halafu nikafungua droo."

Droo ya meza ya kupigia pasi, sasa. Mlikuwa na mikasi kumi na minne, vipimajoto, miwani, hata meno ya bandia. Vyote vilikuja na mashuka, na hakuna aliyejua vya nani. Na huko juu, nesi akipoteza mkasi anaandika barua ya maelezo.

Akaing'oa droo nzima, akapanda nayo ngazi mpaka wodi ya wazazi, kwa nesi mkuu, yule mwenye mdomo kuliko wote.

"Umeleta kesi?"

"Nimeleta mikasi, dada yangu. Angalia kama kuna wako."

Nesi akachakura, akatoa mmoja wenye uzi mwekundu mpinini. "Huu nimeuandikia barua mbili! Ulikuwa wapi?"

"Kwangu, miezi mitatu. Ningejua ni wa kwenu ningeuleta siku ileile. Lakini furushi lina mdomo?"

Nesi akamtazama, akaangua kicheko. "Haya, shangazi, lete huo utepe. Ila sindano ukiiona niletee mimi, usipeleke ofisini. Wasichana wangu nitawafokea mwenyewe."

"Nani anataka ofisi? Mimi nataka vidole."

Wodi nne sasa zinafunga tepe. Miezi minne, amechomwa mtu mmoja tu.

Anarudi kwenye furushi lake. Analifungua taratibu, shuka moja moja, na ndani ya la tatu inaanguka saa ya mkono. Anaipangusa kwa aproni.

"Ya daktari wao! Tangu juzi anaiulizia kila mlango."

Anaifunga kwa utepe wa bluu, rangi ambayo upasuaji wameikataa mara mbili.

"Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Nataka nitoke hapa na vidole vyangu kumi, na hawa wenzangu niwaachie na vyao."

Halafu anashika ngazi, saa mkononi. Leo habembelezi mtu. Anarudisha mali ya wenyewe.