Kura ya Kidole
Msimamizi wa kituo chetu cha kura hapa Lodwar huinua kila karatasi kwa mikono miwili. Kucha zake fupi zina chaki, kwa kuwa siku nyingine ni mwalimu. Kabla ya kusoma jina hunyoosha mkunjo kwa kiganja, na sauti yake haipandi wala haishuki, awe amesoma jina la anayeongoza au la aliyeachwa nyuma.

Jioni ile tulihesabu kura za mwakilishi wadi. Ejore, wakala wa mgombea Lomenen, alikuwa akitabasamu, maana mtu wake alimzidi Nangiro kwa kura moja, na karatasi ilibaki moja. Msimamizi akaifungua. Haikuwa na alama ya kalamu. Palikuwa na alama ya kidole chenye wino, katikati ya kisanduku cha Nangiro.

"Mwalimu, hiyo imeharibika," Ejore akasema upesi. "Tupa!"

"Ejore, mama yako akienda kuchukua chakula cha msaada, anaweka sahihi na nini?"

"Kidole."

"Halafu wanamwambia imeharibika?"

"Wajaribu!" wakala mwingine akadakia. "Huyo mama atawapiga na fimbo!"

Wote wakacheka isipokuwa msimamizi. Alimwonyesha kila wakala ile karatasi, mmoja baada ya mwingine, kisha akaiweka kwenye fungu la Nangiro.

"Huyu alijua anamtaka nani," alisema.

Ejore aliitazama ile alama kwa muda. Kisha akachukua kalamu, akaongeza mstari mmoja chini ya jina la Nangiro kwenye daftari lake la hesabu.