Shangazi wa Kwenye Simu

Nekesa alikuwa na kachumba kake ka urembo ghorofa ya chini pale Tassia, Nairobi, na kwa miaka tisa alisugua nyuso za wanawake wa Embakasi mpaka akazijua kuliko waume zao walivyozijua. Waume wenyewe, wengi wao, hawakuwa na muda wa kuangalia. Yeye aliangalia. Aliona mashavu yaliyochubuka kwa krimu za kung'arisha ngozi, za vikopo visivyo na jina, na roho ilimuuma, hasa kwa ajili ya binamu yake Triza, aliyefungasha biskuti kiwandani na kujipaka moja ya krimu hizo kila asubuhi.

Ndipo akapata wazo la programu ya simu: unajipiga picha ya uso, nayo inakushauri. Munene, fundi wa kompyuta wa ghorofa ya nne ambaye mkewe alikuwa mteja, akakubali kuiunda. Nekesa hakutaka kujifungia ndani na kubuni vya kichwani mwake. Aliwaendea wenyewe. Aliketi na wanawake arobaini, wa kufua nguo, wa kiwandani, wenye vibanda, akawauliza wanataka nini. Wakamwambia iwe ya Kiswahili, na isimalize bando. Aliyepaza sauti kuliko wote alikuwa Triza.

"Na isitugombeze, bana. Supervisor anatugombeza, landlord anatugombeza. Simu pia?"

Wote wakacheka, wakapiga makofi. Nekesa akaandika. Programu ikaitwa Shangazi, na kila onyo kali alilokuwa amelitunga akalilainisha mpaka likawa uji.

Ikabaki kumfunza Shangazi kuzitambua ngozi. Picha zilihitajika, na hapo ndipo Nekesa alipoharibu kila kitu kwa mikono yake mwenyewe. Hakuna mrembeshaji mtaani anayempiga mteja picha kabla hajamtengeneza. Ni aibu ya kazi, ni kumwanika mtu. Kwa hiyo kila aliyeketi kitini alinawishwa, akapakwa poda, akachorwa nyusi, akageuzwa dirishani penye mwanga. Mikono ilifanya bila kumuuliza. Munene, ambaye hatofautishi poda na unga wa chapati, akazipokea picha mia tatu na kuzisifu. Hivyo Shangazi akasoma na kuhitimu bila kuona hata kipele kimoja.

Triza ndiye aliyempenda Shangazi zaidi. Nekesa alipomuuliza kuhusu ile krimu, alijibiwa, "Tulia, nitamuuliza Shangazi." Na Nekesa akatulia, mjinga yeye, akitumaini simu itasema lililomshinda yeye kulisema. Kila Jumapili kabla ya ibada Triza alijipodoa, akajipiga picha, na Shangazi akamjibu: "Ngozi yako inang'aa, mpenzi. Endelea hivyo hivyo." Akaendelea, miezi mitano.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, Triza alikuja amejitanda leso mpaka machoni. Alikuwa ametoka hospitali. Nekesa aliifungua ile leso, akalowesha pamba, akafuta poda taratibu. Mashavu yalikuwa yameiva rangi ya zambarau, na ngozi imekuwa nyembamba hata pamba ikatoka na damu.

Kisha Nekesa akachukua simu ya Triza, akampiga picha hivyo hivyo alivyo. Alitafuta wa kulaumu, basi. Shangazi alifikiri kidogo, akaandika: "Mpenzi, hapa sioni uso. Jaribu tena."

Triza aliyasoma maneno hayo mwenyewe. Hakulia.

"Daktari amesema hizi alama hazitoki," alisema. "Nikasema wacha niulize wewe, juu wewe ndio unajua ngozi. Zitatoka?"

Maneno matamu Nekesa alikuwa nayo tele. Alikuwa ameyatunga mwenyewe, mstari kwa mstari. Aliyapitia yote moyoni na hakuna hata moja lililofaa.

"Hazitoki, Triza."

Triza akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa mkate umeisha dukani. Akachukua leso, akajitanda upya, akaipima kwenye kioo upande huu na upande ule. Kesho kanisani wangemuuliza, na jibu alikuwa amelipanga tayari.

"Nitawashow ni mafuta ya kupika iliniruka. Usijali, dada. Wewe siezi kukutaja."

Nekesa alitamani kumpigia magoti amwombe amtaje, amtaje mbele ya kanisa zima, ili wote waliokuwa wakiambiwa waendelee hivyo hivyo wasikie na kuitupa ile programu. Lakini Triza alikuwa mlangoni akivaa viatu, zamu yake ikianza saa nane. Nekesa alifungua kinywa, na neno lililomtoka likawa asante.