Wangwe Aliapa Amehama Kenya

Wangwe ni bwana ya msichana wangu Joyline, na mimi sijawahi kumwamini. Si kwa sababu yeye ni Mkuria na sisi ni Wajaluo, hapana. Ni vile ananyamaza. Mtu akinyamaza sana mimi hujiuliza hayo maneno yote anaweka wapi.

Alikuwa anachochea moto kwa stoo ya kukausha tumbaku, upande wa Migori. Alianza akiwa kijana hana ndevu. Alikuwa anarudi nyumbani macho nyekundu kama mlevi. Nilimwambia Joyline amnuse. Akasema ni moshi tu. Sawa, moshi.

Mimi mwenyewe singeweza kumkaribia. Mama mkwe haingii chumba ya mkwe, hawezi lala kwake, hakuli mbele yake. Wangwe akiniona njiani anaingia kwa mahindi mpaka nipite, na tukiongea ananipa mgongo, tunaongea Kiswahili kila mtu akiangalia upande yake. Heshima ni kitu mzuri, lakini inasaidia sana mtu mwenye anaficha.

Mimi ni mama wa omena, hizo samaki ndogo za ziwa. Nanunua Homa Bay, napeleka Isebania kwa mpaka wa Tanzania, Joyline ameolewa karibu na hapo, na nikipita nakaa nje kwa jiko ya Joyline. Naangalia sufuria. Sufuria ndiyo inaniambia kama mtoto wangu anakula.

Mwaka wa tisini na sita hiyo stoo ikafukuza watu. Wangwe akaja nyumbani na blanketi moja na asante. Joyline hakuogopa. Akaniambia, "Mama, usijali. Kila mwezi walikuwa wanamkata pesa ya uzee. Tuko na kitu yetu kwa serikali."

"Kitu yako ni ile iko kwa gunia yako," nikamwambia. "Ile ingine ni hadithi."

Wangwe akaenda kwa ofisi ya hiyo pesa. Akarudi jioni, na mimi nilikuwa hapo nje natenganisha omena na mchanga, kwa hivyo nilisikia yote. Karani alimwambia yeye bado kijana, arudi akizeeka. Kama hawezi kungoja, basi afe, wapatie bibi. Ama agonjeke asiweze kazi yoyote. Ama ahame Kenya kabisa, aape hatarudi kukaa.

"Kufa sitaki," Wangwe akasema. "Kugonjeka watanipima. Lakini kuhama? Tanzania si iko hapa nyuma ya choo?"

Joyline alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Mwanaume akianza kuongea juu ya kuhama, hata kwa mzaha, mguu moja iko barabarani.

Na kweli akaanza kujenga. Mama yake alizaliwa Sirare, upande ile ingine, na wajomba wakamkatia mahali. Joyline akaniambia ni nyumba ya kuonyesha tu, kama serikali itatuma mtu kuangalia. Nikauliza, kama ni ya kuonyesha, kwa nini mabati na si nyasi? Akasema nyasi itaonekana kama mtu anapita tu. Mabati ilichukuliwa kwa deni. Balozi wa nyumba kumi wa huko alitaka mbuzi ndio aandike barua ya kusema huyu ni mtu wetu. Wakili wa kuapisha naye hafungui mdomo bure.

Siku ya soko nikabeba omena yangu nikavuka. Sikuambia mtu. Nikauliza nyumba mpya ya Wangwe iko wapi, nikaonyeshwa. Wololo! Dirisha ilikuwa na pazia. Pazia ya maua, mpya, na kwa msichana wangu Kenya dirisha imezibwa na gunia.

Nikasimama mbali kidogo nikaita, "Hodi! Mwenye pazia ako?"

Wangwe ndiye alitoka, mikono imejaa udongo. Kuniona, akageuka haraka akaangalia ukuta.

"Mama. Umefika mbali."

"Si mbali kama wewe. Nani alinunua hiyo pazia?"

"Ni mimi, mama."

"Mwanaume gani hununua pazia ya maua?"

"Nyumba bila pazia, mtu wa serikali atajua hakuna bibi ndani."

"Kwani kuna bibi ndani?"

Alinyamaza. Unaona? Pale mtu angesema hapana, yeye akanyamaza. Baadaye ati akaambia Joyline alishikwa na aibu, mama mkwe kumuuliza mambo ya bibi. Aibu! Nilizunguka hiyo nyumba mara mbili. Sikuona kiatu ya mwanamke. Lakini kiatu inaweza fichwa.

Wangwe akaapa kwa wakili. Akaweka kidole kwa wino, ati ameacha Kenya. Tukangoja. Mvua ikapita, tukapalilia, Joyline akauza kuku zote, na sufuria ikaanza kuwa ya mboga bila mafuta. Halafu pesa ikatoka.

Nilikuja mbio, siwezi danganya. Wangwe akaweka pesa mbele ya Joyline, hapo nje. Akatoa ya mabati. Akatoa ya fundi. Akatoa ya kulipa yule alimkopesha ya mbuzi na wakili. Ile ilibaki ilinunua magunia mbili ya mahindi na sare ya shule ya watoto. Basi. Ndiyo hiyo uzee yake yote.

"Ingine iko wapi?" nikauliza.

"Ni hiyo, mama," akaambia mti.

"Mtu achomwe na moto miaka yote hiyo halafu apewe magunia mbili na nyumba ya kudanganya nayo? Joyline, angalia kwa godoro."

Joyline aliangalia. Aliangalia kwa godoro, kwa dari, ndani ya buti yake ya kazi. Hakukuwa na kitu. Nikamwambia basi iko Sirare.

Lakini mambo ilikuwa inakuja kutoka upande ingine. Kaka mkubwa wa Wangwe anaitwa Gesabo, na huyo amekuwa akitamani hiyo shamba Wangwe anakaa tangu baba yao afe. Siku moja akaja na wazee. Hakupiga kelele.

"Ndugu yangu," akasema, "tumesikia uliapa."

"Ilikuwa ya karatasi," Wangwe akajibu.

"Kiapo haina ya karatasi na ya mdomo. Ulisema hutakaa hapa tena. Ukikaa, itakula watoto. Yako, na labda yangu."

Wazee wakaitikia kwa kichwa. Mimi naongeanga vibaya juu ya Wakuria, lakini kwa kiapo hawachezi. Na Wangwe, mtu wa hapo hapo, aliona ofisi na wino akasahau yeye ni mtoto wa nani. Usiku hiyo mtoto wao mdogo akashikwa na homa. Homa ya kawaida, mbu wako. Lakini asubuhi Wangwe mwenyewe alikuwa anafunga vitu.

Nikamwambia Joyline, "Nyathina, mtoto wangu, twende nyumbani Rongo. Omena itatulisha. Mwache aende kwa pazia yake."

Joyline akaangalia mimi, akaangalia bwana yake. Basi nikaenda mpaka karibu na Wangwe, karibu kuliko vile heshima inakubali, na nikaongea na mgongo yake.

"Wewe unajua kuapa. Sasa niapie mimi. Apa hakuna mwanamke huko na hakuna pesa ingine, na mimi nitamsaidia Joyline kubeba mizigo."

Akakaza kamba ya godoro. Halafu akasema, polepole, "Niliapa mara moja, mama. Sitaapa tena."

"Umesikia?" nikaambia Joyline. "Umesikia huyu? Mtu hana kitu anaficha anakataa kuapa kwa nini?"

"Nimesikia," Joyline akasema.

Akafunga mtoto mgongoni, akaweka sufuria kubwa juu ya kichwa, akapita katikati yetu akashika njia ya mpaka. Wangwe akabeba godoro akamfuata, na watoto wengine nyuma yake. Mimi nilibaki hapo kwa shamba, sasa ni ya Gesabo, naita jina ya Joyline mpaka sauti ikaisha.