Nafula na Pembe ya Shuka

Kabla hujafunga hilo sanduku, mwanangu, keti kidogo na baba yako. Kesho unaanza kazi wodi ya watoto kule Kitale, na kuna siku moja ya ujana wangu ambayo lazima uijue.

Nilikuwa nesi mpya hapa Bungoma, koti jeupe limepigwa pasi, kichwa kimevimba. Si unatujua sisi Wabukusu! Nilisimama mbele ya ngariba nimepakwa matope mwili mzima, sikupepesa hata jicho, na baba akanisifu mpaka sauti ikamkauka. Basi nikaamini maumivu ni kitu cha kushindana nacho, hata wodini.

Tulikuwa na Nafula, msichana wa miaka minane mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu unaofanya mifupa iume kama inavunjwa. Asubuhi hiyo alikuwa analia. Nikamshika kidevu, nikamwambia, "Nyamaza. Shujaa halii." Akanyamaza, maskini wa Mungu, nami nikafurahi! Saa ya mofini, dawa yake ya maumivu, ilipofika, nikaandika kwenye faili kwamba mgonjwa ametulia, nikairudisha chupa kabatini bila kumpa.

Mchana akaja Sista Nasimiyu, mkuu wa wodi, mama mfupi ambaye hata madaktari walimwogopa. Akasoma faili, akainama kitandani.

"Nafula, mama, unaumwa?"

Mtoto akanitazama mimi kwanza. Alikuwa ameuma pembe ya shuka mpaka ikachanika. "Sista, nikisema, bado nitakuwa shujaa?"

Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze. Sista akampa dawa mwenyewe, akakaa naye hadi akalala, ndipo akaniita nje.

"Ati ametulia! Ulimuuliza ama ulimtazama tu?"

"Nilimtazama, Sista."

"Wewe ulisimama mbele ya ngariba mara moja, kijiji kizima kikikushangilia, na ikaisha. Huyu anasimama kila mwezi, peke yake. Si umwache alie, bana."

Hakunipandishia sauti. Afadhali angenizaba kofi. Jioni nilimwomba Nafula msamaha. Akanicheka, akaniagiza mandazi.

Kwa hiyo nakuomba, binti yangu, usingoje machozi ndipo uamini mtoto anaumwa. Aliyezoea maumivu hunyamaza, hata hucheza, na bado anaumia. Muulize, kisha umwamini. Ukimchoma sindano usimdanganye kwamba haiumi. Mwambie itauma kidogo na wewe upo hapo. Dawa aliyoandikiwa mpe kwa saa yake. Na siku ukihamishiwa wodi ya wakubwa, wale wazee wa saratani wanaosema "niko sawa tu" ili wasikusumbue, kaa nao mpaka waseme ukweli.

Haya, nenda. Mungu aibariki mikono yako iwe miepesi, akupe na moyo wa Sista Nasimiyu. Na kila mtoto utakayemhudumia alie atakavyo, na bado umwite shujaa.