Maombi Yaliyotoka Kanisani kwa Miguu

Jumapili iliyopita mvua ilitupata kanisani. Nasema ilitupata, lakini ukweli ni kwamba ilinipata mimi. Siku hizi ninaishi mtaa wa Munyaka, na kanisa letu limejengwa kwa mawe mazuri, lakini paa bado ni mabati, na mvua ya Eldoret ikiamua kuongea hakuna spika inayoweza kubishana nayo. Pasta alinyamaza, akatabasamu, akangoja. Watu nao wakatoa simu. Huyu anasoma meseji, yule anaangalia mpira umefika wapi, na kijana aliyekaa mbele yangu anapitia picha za harusi ya mtu, moja baada ya nyingine, akizikuza ili aone viatu. Hakuna aliyegeuza shingo kuangalia dirishani.

Shingo yangu iligeuka yenyewe. Moyo ukaruka, na kabla sijajua nilikuwa nimeshainuka nusu kwenye kiti. Kando yangu kidogo kulikuwa na mama mmoja mzee mwenye kitambaa cheupe kichwani, na yeye pia alikuwa ameinuka nusu. Tukaangaliana.

"Na wewe umeacha mahindi nje?" akaniuliza kwa nguvu, ili ashinde mvua.

"Sina hata punje, Mama."

"Hata mimi sina! Shamba tuliuza kitambo." Akacheka mpaka akalazimika kukaa.

Rafiki yangu, kama hukulelewa mahali mahindi yanaanikwa uani, utatuona sisi ni wendawazimu. Keti nikueleze.

Mimi nililelewa na shosho, mama ya mama yangu, kule Kapseret, upande wa kiwanja cha ndege. Mama yangu alikuwa akifanya kazi mjini, akija mwisho wa mwezi na mkate na stori nyingi. Siku zile zingine tulikuwa ni mimi, shosho, ng'ombe mmoja mwenye hasira, na kuku wasiosikia la mtu. Msimu wa kuvuna ulipofika, mashine ya kupukuchua ilizunguka boma kwa boma ikinguruma, na vumbi lake likatukaa kwenye kope mpaka sote tukaonekana wazee. Magunzi tuliyachoma jikoni. Chai ya maziwa iliyochemshwa kwa moto wa magunzi ina moshi fulani mtamu ambao sijauonja tena mahali popote, na nimejaribu hoteli nyingi za huu mji.

Asubuhi tulitandaza magunia yaliyoshonwa pamoja, tukamwaga mahindi, na kazi yangu ilikuwa kuyageuza kwa miguu. Unavua viatu, unaburuta nyayo polepole, unachora mistari kama shamba lililotoka kulimwa. Asubuhi mahindi ni baridi kama kokoto za mtoni. Saa saba yanakuchoma vidole. Jioni shosho alitia punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi, akatikisa karibu na sikio kana kwamba chupa inamwambia siri. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Ikianguka yote chini, yako tayari kwa stoo. Tulikula githeri ya maharagwe na mahindi mapya, na malenge ya kuchemsha, tukalala tumechoka, na hata usingizini tulikuwa tunasikiliza mabati.

Sasa fikiria watu kama hao wakiwa kanisani. Kanisa letu la wakati huo lilikuwa mabati juu na mabati kando, sakafu ya udongo, madirisha matupu. Jumapili za mavuno kila mtu alikuwa ameketi kwenye benchi, lakini moyo wake umeketi uani juu ya gunia. Wingu likifunika jua, shingo zote ziligeuka pamoja kama kuku waliomwona mwewe. Pasta alikuwa mcheshi. Alikatiza mahubiri akasema, "Naona leo tunaabudu wingu. Likimaliza kupita mniambie niendelee." Tunacheka, shingo zinarudi. Halafu wingu lingine linakuja.

Wakati wa maombi shosho alinishika mkono. Na huko kwetu ndege zilipita chini kabisa, zikienda kutua, na mtoto gani ataomba wakati ndege iko juu ya kichwa chake? Nilikuwa nafunga macho vizuri, lakini vidole vyangu vilianza kucheza ndani ya mkono wake, na hapo alijua nimeshapanda ndege niko njiani kwenda Ulaya. Hakufungua macho. Hakunifinya. Alisema neno moja tu, polepole: "Rudi." Nikarudi.

Siku moja nilimuuliza kama Mungu hukasirika moyo ukienda.

"Moyo ni ndama, mami," akaniambia. "Ndama akitoroka utamchukia? Unaenda unamrudisha. Akitoroka tena, unamrudisha tena. Hiyo ndiyo kazi. Hakuna nyingine."

Nilimwamini, ila moyoni niliona kwamba hiyo ilikuwa kazi ya watoto. Ndama wa shosho, kwa maoni yangu, alikuwa amefungwa kamba nzuri na hatoroki kamwe.

Basi kuna mwaka mmoja mvua ilikataa kuondoka. Ilikuwa inatuachia jua la asubuhi kama mtu anayekupa peremende, halafu mchana inachukua kila kitu. Mahindi yetu yalikuwa yameshanyeshewa mara mbili, yakaanza kunuka kama nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi. Jioni shosho alikaa kwenye kigoda akichambua yaliyoshika kuvu, na rundo la kutupa likawa linakua kuliko nilivyopenda. Hatukuwa na kitu kingine. Yale mahindi ndiyo yalikuwa ugali wetu mpaka mavuno mengine. Mama wa duka, jirani yetu mwenye mdomo mrefu na mahindi mengi, alipita akanusa, akasema, "Mama, hiyo ikinyeshewa tena, peana kwa nguruwe." Ilikuwa ni mzaha, lakini shosho hakucheka.

Jumapili ya shukrani za mavuno ikafika, na shosho ndiye aliyepewa kuongoza maombi. Kulikucha na jua kali. Kuyaacha mahindi guniani siku nzima ilikuwa ni kuyaozesha. Kuyaanika na kuondoka ilikuwa ni bahati nasibu, kwa sababu boma letu halikuwa na mtu wa kubaki. Shosho alitazama jua, akatazama upande wa Nandi ambako mvua hutokea, akafunga leso. "Tutaanika na tutaenda," akasema.

Alipoanza kuomba kanisani kulikuwa bado na jua. Liliingia kupitia matundu ya misumari na kutudondokea kama sarafu. Akashukuru kwa mvua iliyootesha mbegu. Akashukuru kwa ng'ombe, hata yule wetu. Kisha matundu yakazimika yote pamoja, na ngurumo ikapita chini ya benchi zetu. Nikasikia viatu vikianza kutafuta njia. Wanaume wawili walikuwa wameshafika mlangoni.

"Mama, fupisha bana!" mama wa duka akaita kutoka nyuma. "Mungu si kiziwi!"

Watu wakacheka kwa woga. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimepiga hesabu. Boma letu lilikuwa la mwisho kabisa kwenye ile njia, na kama shosho angesema amina wakati uleule, na tukakimbia bila kusimama popote, tungefika kabla ya mvua. Nilimwangalia midomo, nikingoja amina.

Shosho alifungua macho. "Hii maombi haijaisha," akasema. "Tunaendelea nayo, lakini si hapa. Simameni. Na hakuna kila mtu kukimbia kwake. Tunaanza na boma ya kwanza, sisi wote, tunaenda hivyo mpaka ya mwisho."

"Na ya mwisho ni ya nani?" Pasta akauliza, na alijua vizuri.

"Ya mwisho ni ya mwisho. Tembea, Pasta."

Nakuambia, walisimama. Kanisa zima lilitoka nje likiimba, na boma la kwanza lilikuwa la mama wa duka. Pale uani mahindi yalikuwa kama bahari. Lakini mikono ilikuwa mingi. Pasta alitupa tai begani akawa anashika gunia kama kuli, wazee wakafunga kamba, sisi watoto tukaokota punje za pembeni. Na katikati yetu shosho anaomba kwa sauti, hakuacha hata kidogo: "Asante Baba kwa mikono hii. Wewe, shika hapo pembe. Asante kwa hii boma na watoto wake. Si hivyo, kunja kwanza! Uwakumbuke, Bwana."

Tukaenda boma la pili. Tukaenda lingine. Katikati ya njia upepo uligeuka, ukaleta harufu ya udongo uliolowa, na nikajua mahali fulani karibu imeshaanza. Nikamvuta sweta. "Shosho, yetu!"

Akageuka. Kutoka pale ungeweza kuona mabati yetu, na juu yake wingu jeusi limekaa kama kifuniko cha sufuria. Mikono yake ikasimama. Maombi pia yakasimama, kwa mara ya kwanza tangu tutoke kanisani. Nikamshika mkono, na nikasikia vidole vyake vinacheza ndani ya vyangu. Kisha midomo ikasogea, na kwa sababu nilikuwa karibu nilisikia.

"Rudi," akasema.

Nikaangalia vidole vyangu. Vilikuwa vimetulia. Hakuwa anasema na mimi.

Akainama, akashika pembe ya gunia la mtu mwingine, akaendelea pale alipoachia.

Nimesikia mahubiri mengi tangu siku hiyo, mengine ya watu waliosoma sana. Lakini kama leo nina uhakika wowote katika mambo ya Mungu, ulianzia hapo, nilipojua kwamba ndama wa shosho pia alikuwa anatoroka, na kwamba mtu mzima anaweza kumfuata na kumrudisha huku mvua inakaribia mahindi yake. Kama yeye alihitaji kurudi, basi hata mimi ninaweza.

Tulifika kwetu tumelowa. Mahindi yalikuwa yanaelea. Mengine yalikuwa yameshashika mtaro, yanateremka kuelekea barabarani kwa mstari, na kuku wamesimama mlangoni pa jikoni wakiyatazama. Wimbo ukaisha.

Mama wa duka akapita mbele, maji yanamtiririka kutoka kwenye kitambaa cha kichwa. "Leta debe," akasema.

"Mama, hiyo imeharibika," shosho akamwambia.

"Usiniongeleshe. Leta debe. Jikoni kwangu darini kuna nafasi." Akapiga magoti kwenye matope na nguo yake ya Jumapili, akachota mahindi yetu kwa mikono miwili, akajaza, akajitwika, akaenda zake bila kuaga. Baada yake mwingine akauliza kama kuna ndoo. Mwingine akatandika leso. Kila mtu aliondoka na kiasi chake, kwenda kuyaanika juu ya moto wa jikoni kwake, na Pasta akabeba kwenye koti. Uani pakabaki na magunia matupu tu. Shosho alisimama mlangoni akiwaangalia wakipotea mvuani, na hapo ndipo aliposema amina.

Mahindi yalirudi kidogo kidogo, makavu kabisa, na mwaka ule tulikula ugali wa ajabu. Kila jiko lilikuwa limetia moshi wake. Kuna uliokuwa na harufu ya mti wa mwati, kuna ulionuka zizi, na ule wa mama wa duka ulikuwa na ladha ya sabuni ya kipande, kwa sababu dari yake ndiyo ilikuwa stoo ya duka. Nililalamika. Shosho akasema hiyo itatusafisha ndani. Halafu kabla ya kumega tonge akawa anaonja kidogo, anatambua, anasema, "Leo tuko kwa mama wa duka," na tunaiombea ile nyumba kwa majina. Kesho nyumba nyingine. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuomba: sufuria ikinikumbusha.

Siku hizi kule mahindi yanapakiwa kwenye lori yangali mabichi, yanaenda kukaushwa kwa mashine, na mashine haijali wingu. Ni vizuri, sitakudanganya. Hakuna mtu anafaa kulilia punje mtaroni. Mashamba yamekatwa ploti, nyumba za kupangisha zimesimama pale tulipokuwa tunaburuta nyayo, na shosho amelala upande wa juu, mahali pasipofikiwa na maji. Kilichonipotea mimi ni kidogo tu. Wakati ule kila mtu alikuwa na kitu chake nje, na wote tunakiona. Sasa tumeingiza kila kitu ndani, na mvua ikinyesha sijui ni mlango gani nigonge.

Mimi nasuka nywele kwenye saluni ya mtu mjini. Kuna televisheni ukutani, kuna udaku kuanzia asubuhi, simu yangu inalia kama kifaranga, na moyo unatoroka mara nyingi kwa saa moja. Naenda naurudisha. Nimezoea kukiombea kichwa nilichoshika, na mwenye kichwa hajui. Anadhani ninahesabu mistari. Na nina ndoto ya saluni yangu mwenyewe, ndogo, yenye dirisha kubwa. Miaka yote nimeificha nikiogopa watu watacheka. Lakini Jumatano kwenye ushirika wa maombi nilisimama nikawaambia wote: nataka nini, nimefika wapi, na nini sina. Mmoja alicheka kidogo, ni kweli. Haidhuru. Nimeianika mchana, mahali kila mtu anaiona. Ikinyeshewa, na inyeshewe mbele ya watu.