Koni ya Upande wa Kushoto

Mafuta ya taa yakichanganyika na grisi kuukuu hutoa harufu ambayo wengi wenu mngeikimbia. Mimi huisogelea. Juzi nilipita nyuma ya soko la Kakamega nikamkuta kijana wa pikipiki akisuuza beringi ndani ya mkebe wa rangi. Nilisimama pale hadi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hapana. Lakini moyo wangu ulikuwa umeshafika Khayega, kwenye ua wetu, mwaka ule ambao mimi nilikuwa na miaka tisa na nchi ilikuwa changa kuliko mimi.

Kaka yangu Jotham alikuwa ametoka Lugari, alikofanya kazi katika shamba la mahindi la Mzungu mmoja. Mzungu huyo alipofungasha vitu vyake kurudi kwao, alimwachia Jotham baiskeli ya mbio, nyembamba kama panzi, usukani wake umejikunja kama pembe za kondoo dume. Ilikuwa na kasoro moja tu: gurudumu la nyuma lilikuwa limekufa. Kitovu chake, kile ambacho mafundi walikiita habu, kilikuwa kimelika kwa ndani hadi gurudumu likawa linachechemea.

Jotham alitafuta habu nyingine kwa miezi mingi, na alipoipata aliifunga mwenyewe uani, juu ya gunia. Nilikaa kando nikila muhogo na kumtazama. Spoki arobaini alizisuka moja juu ya nyingine, kama mama anavyosuka kikapu. Kisha akajaza grisi kwenye vikombe viwili vya habu na kulaza humo gololi za chuma, tisa upande huu na tisa upande ule, zikatulia kama mayai kwenye kiota. Akapitisha ekseli katikati, akazifunika gololi zile kwa koni, yaani nati yenye ncha butu inayozizuia zisitoke. Koni ya kulia aliikaza kabisa. Ya kushoto ndiyo aliyohangaika nayo.

"Hapa ndipo penye roho ya baiskeli," aliniambia. "Ukilegeza, gurudumu linalewa. Ukikaza sana, gololi zinasagana zenyewe."

Alikuwa akikaza, akirudisha kidogo, akikaza tena. Kila mara aliinua baiskeli na kuliacha gurudumu lizunguke. Lilizunguka bila sauti kwa muda mrefu, likapunguza mwendo, likayumba mbele na nyuma, mwishowe likasimama, ile valvu ya kupigia pampu ikiwa chini kabisa. Jotham alisema gurudumu linalojua kwenda chini kwa uzito mdogo kama ule ni gurudumu zima. Tangu siku hiyo hakupanda baiskeli kabla ya kufanya jaribio hilo.

Ndipo zikatangazwa mbio za baiskeli katika sherehe za uhuru, kutoka uwanjani Kakamega hadi Khayega na kurudi. Mshindi angepelekwa Nairobi kufunzwa mashindano makubwa. Mama alianza kuimba jikoni. Jirani zetu walimwita Jotham "Nairobi" hata kabla hajaenda. Baba peke yake aliendelea kumwita Jotham.

Baba alikuwa na mdogo wake, Andrea, ambaye simkumbuki kwa sababu alikwenda kabla sijazaliwa. Alikwenda vita vya Wazungu. Baba ndiye aliyempakia kwenye baiskeli na kumfikisha Kakamega, kwenye lori la askari, akampungia mkono akicheka. Andrea hakurudi. Iliyorudi ni barua. Nyanya aliishi miaka mingi akimwuliza baba alimwacha wapi mtoto wake. Wageni walipomfariji kwamba walau barua ilikuja, alikuwa akisema, "Barua haijazi kiti."

Asubuhi ya mashindano niliamka mapema kuchota maji. Kulikuwa na ukungu. Nilimwona baba amechuchumaa nyuma ya nyumba, baiskeli imepinduliwa, spana nyembamba mkononi, upande wa kushoto wa gurudumu la nyuma. Alishtuka aliponiona. Kisha akasema polepole kwamba alikuwa anamsaidia kaka yangu, na kwamba nisimwambie, maana kijana huona haya kusaidiwa. Nilifurahi sana. Nilikuwa nimedhani baba hataki Jotham ashinde. Nilibeba siri ile hadi kisimani na kurudi nayo kama peremende ambayo sitaki iishe mdomoni.

Baba na Jotham walitangulia Kakamega. Mama na mimi tulisimama Khayega, mahali waendeshaji walipogeukia. Walipotokea, Jotham alikuwa wa tatu. Shati lilikuwa limemganda mgongoni, na alipotupita nilisikia gurudumu likinguruma kama jiwe la kusagia mtama. Mama aliacha kupiga vigelegele. Tulimwona akiupanda mlima wa kurudi akiwa amesimama juu ya pedeli, anasukuma kwa mwili wote, na wengine wawili wakampita.

Jioni walirudi kwa miguu. Jotham alitangulia, mikono mitupu. Baba alikuwa nyuma yake, ameibeba baiskeli begani. Alikuwa ameibeba kutoka Kakamega. Vijana wengi njiani walitaka kumpokea mzigo, akakataa, na bega lake lilikuwa limechubuka hadi fulana ikaingia damu. Mama aliandaa obusuma, ugali wetu, na mboga. Hakuna aliyekula vizuri.

Kesho yake Jotham alifungua habu. Grisi ilikuwa nyeusi kama masizi, koni imechimbika mtaro mzima, na gololi mbili zimepasuka. Nilimwonea huruma, nikaona ni wakati wa kumfariji kwa ile siri yangu. Nikamwambia kwamba hata baba alijaribu kumsaidia, maana nilimwona asubuhi akiwa na spana.

Jotham alipangusa mikono kwa kitambaa kwa muda mrefu, kidole kimoja kimoja.

"Ndiyo," akasema. "Alikuwa ananisaidia." Halafu akaongeza, "Usimwambie mtu mwingine, Mmbone. Hata mama."

Hakwenda Nairobi. Alikuwa fundi wa baiskeli pale Khayega, fundi aliyefuatwa na watu hata kutoka Matete, na baba alikuwa na kigoda chake kibandani mwa Jotham karibu kila siku mpaka alipofariki. Kadiri nilivyokua, nilielewa kile nilichokiona kwenye ukungu. Nilimkasirikia baba miaka mingi, na nilimhurumia Jotham kama mtu aliyedhulumiwa bila kujua hadi mimi nilipofungua mdomo.

Kisha binti yangu wa kwanza akaitwa na chuo cha mbali, ng'ambo. Barua ilifika mikononi mwangu. Najua mtanihukumu: niliificha chini ya godoro siku nne. Siku ya tano nilikwenda kwa Jotham, nikamwambia nilichofanya, na kwa mara ya kwanza tukazungumza habari ya mbio zile.

"Nilijua kabla hatujaondoka," alisema. "Pale uwanjani niliinua baiskeli kama nilivyokuwa nafanyanga. Valvu haikushuka. Nati ilikuwa na alama mpya. Na spana ilikuwa mfukoni, Mmbone. Ni kazi ya dakika mbili."

Nikamwuliza kwa nini hakuilegeza.

"Nilitazama juu nikamwona baba katikati ya watu. Alikuwa anaangalia chini. Ningefungua pale mbele yake, ningekuwa nimemvua nguo. Nikasema nitashinda hivyo hivyo." Akacheka kidogo. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilidhani miguu yangu inatosha."

Kumbe mtoto wa miaka tisa alidhani amebeba siri ya watu wawili, na wale wawili walikuwa wameshaelewana bila neno, mmoja kwa kupanda baiskeli ile, mwingine kwa kuibeba. Sijui hadi leo kama ule ulikuwa upendo au wizi. Nadhani baba mwenyewe hakujua.

Nilirudi nyumbani nikampa binti yangu barua yake, nikamwambia imefika leo. Alisoma jina lake, akautazama muhuri na tarehe yake, kisha akanitazama mimi. Alinikumbatia, wala hakuniuliza neno.