Moshi Asiouona Mihayo

Jua ndio kwanza linachomoza Kharumwa, na Bernadina ameshainama juu ya injini ya mashine ya kusaga, akichuja mafuta ya mbegu za pamba kwa kipande cha khanga. Nje, wanawake wamepanga foleni na vikapu vya mtama na udaga, ile mihogo mikavu ya kusaga.

"Mwangaluka, Mama Sikujua," mmoja anamwamkia kwa Kisukuma. Anaitikia bila kuinua kichwa.

Anaiamsha injini kwa dizeli kidogo, kisha anafungua koki ya mafuta ya pamba. Injini inakohoa, inatulia. Kwenye bomba lililotokeza ukutani unatoka moshi mwembamba, unaopotea kabla haujafika kwenye foleni.

Ni mwaka 1984, na dizeli huku ni ya kubahatisha. Mashine nyingi za jirani zimefungwa. Hii ya Mzee Taherali, mwenye duka la barabarani, bado inasaga kwa sababu ya dawa ya kahawia ambayo Bernadina huitia katika mafuta kwa ncha ya kijiko.

Dawa hiyo aliianza mumewe, Mihayo. Ujanani alifanya kazi katika chumba cha jenereta, mgodini Geita. Huko alisikia kwamba chuma kidogo kikiyeyushwa ndani ya mafuta huyasaidia kuungua yakaisha, yasiache masizi. Mgodi ulipofungwa, akawa fundi wa mashine hii.

Dizeli ilipoadimika, Taherali alileta mafuta ya pamba. Yalikuwa mazito. Yaliganda na kuziba nozeli, kile kidude kinachorushia mafuta ndani ya injini, na wateja walirudi makwao na unga unaonuka moshi. Hapo Mihayo akakumbuka maneno ya mgodini.

Aliloweka misumari katika siki mpaka siki ikawa nyekundu, akachanganya na maji ya sabuni. Likatoka tope la kunata. Alilikausha, kisha akaliyeyusha katika mafuta ya moto.

Siku moja mwaka juzi, bonge la tope alilotia lilikuwa bado na maji ndani yake. Mafuta yalimrukia usoni. Hospitalini waliutibu uso ukapona, macho hayakurudi.

"Hakulalamikia macho," anasema Bernadina. "Aliuliza kama lile tope lingine limebaki."

Bernadina akaishika kazi, mumewe akimwelekeza kwa maneno. Kila jioni Mihayo alimuuliza swali moja tu: moshi leo una rangi gani? Ulikuwa mweusi tii. Nozeli ilikuwa inaziba kama zamani. Lakini mke alimjibu kwamba umekuwa wa kijivu, na baadaye akasema ni mweupe.

"Siku nikisema mweupe, alikula akashiba," anasema. "Nikaendelea kusema mweupe."

Hayo yalidumu mpaka Mihayo alipoomba ashikwe mkono apelekwe mashineni. Alipapasa ukuta karibu na bomba, akasugua vidole. Masizi yalikuwa mazito kama lami. Hakupandisha sauti.

"Ungeniambia tu, Mama Sikujua," alisema. "Ningelitafuta kosa."

Tangu siku hiyo hajamuuliza tena, wala hajakanyaga pale.

Kosa lilijionyesha lenyewe mwaka jana, sabuni ilipokosekana madukani. Tope la dawa likabaki kidogo sana, na Bernadina akawa anatia chembe tu ili lisiishe. Moshi ukaanza kupungua. Kumbe walikuwa wakizidisha; dawa ikiwa nyingi, yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiziba nozeli.

Alikimbia nyumbani na mikono yake ya mafuta. Mihayo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hata zamani ulikuwa mweupe."

Mzee Taherali naye alikwenda kumweleza. Mihayo alimshukuru kwa adabu, akiamini mzee wa watu ametumwa na Bernadina.

Mchana, mwandishi wa makala haya anafuatana na Bernadina hadi nyumbani. Mihayo amekaa kwenye kigoda, anapukuchua mahindi. Anaposikia sauti ngeni anauliza mgeni ametoka wapi, na kama amepita mashineni. Kisha mikono yake inasimama.

"Moshi umeuonaje?"

Anaambiwa ni mwembamba, karibu hauonekani.

"Na ukuta?"

Anaambiwa ukuta bado ni mweusi.

Mihayo anaitikia kwa kichwa taratibu. "Basi wewe husemi uongo," anasema, na kurudia mahindi yake.

Bernadina yuko mlangoni na sinia la ugali. Ameyasikia yote. Anaweka sinia chini, anamnawisha mumewe mikono, anaielekeza kwenye chakula.

Njiani kurudi kazini ndipo anapotaja mpango wake. Ameshamwomba Taherali chokaa, na mzee ameahidi kuitafuta mjini Isaka. Ikifika, atakwangua masizi yote ya zamani kwenye ukuta ule, aupake upya.

"Halafu nitasaga," anasema. "Mwezi mzima, miezi miwili. Akija siku yoyote, aweke mkono wake mwenyewe ukutani. Mimi sitasema kitu."